Mgogo Aliyekataa Moyo

Moyo ulifika ukiwa bado unadunda.

Kipanga, ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo watu wa Dodoma walishazoea kuiona ikikata anga bila kelele, kilitua juu ya paa la Jumba la Mioyo asubuhi, jua likiwa limeanza kuchoma vilima vya Iyumbu. Kutoka tumboni mwake kikashushwa kilezi, sanduku la kioo lenye ukubwa wa sufuria ya ugali wa shuleni, lenye joto lake, damu yake na pumzi yake. Humo ndani moyo wa mtu ulikuwa ukiendelea na kazi, unajikunja na kujikunjua, ingawa mtu mwenyewe hakuwepo tena.

Sechelela Chiwanga aliutazama kupitia dirisha la chumba cha maandalizi. Wagonjwa waliruhusiwa kutazama, kwa sababu Daktari Namsifu Mbwambo aliona si vizuri mtu akutane na moyo wake akiwa amelala. Lakini Sechelela alipoutazama kwa muda akagundua kwamba anauonea aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mgeni anaoga.

"Ni mdogo," alisema.

"Ni kama ngumi yako, mama Nyemo," alisema daktari. "Damu imekubali, kipimo kimekubali. Tangu niwe hapa sijaona moyo unaomfaa mtu namna hii."

"Umetoka wapi?"

"Unajua siwezi kukuambia."

"Umetoka magharibi," ilidakia sauti nyuma yao. Alikuwa Mihayo Kasanda, fundi wa mapampu, begi la betri za Sechelela likining'inia begani mwake. "Nimekiona kipanga kikija kwa macho yangu. Na magharibi kuna nini? Tabora. Ukiamka ukajikuta unatamani kubeba mzigo wa mtu usiyemjua na kwenda nao pwani kwa miguu, usishangae."

"Basi urudishwe ulikotoka," Sechelela alijibu bila hata kugeuka. "Moyo wa Mnyamwezi siutaki hata kwa dawa."

Taa ya bluu juu ya mlango ikageuka ya njano.

"Tamko limepokelewa," ilisema sauti ya upole kutoka ukutani. "Kwa kuzingatia matamko ya awali, mgonjwa amekataa. Moyo utapelekwa kwa mgonjwa anayefuata."

Walicheka. Hata daktari alicheka. Kisha mlango wa chumba cha upasuaji, uliokuwa wazi ukimsubiri Sechelela, ukajifunga taratibu, na kule upande wa pili wa kioo kilezi kikaanza kurudi kwenye lifti, moyo ukiwa ndani unadunda vilevile, kama abiria aliyeambiwa kituo chake si hiki.

"Hee!" Mihayo alipiga kelele. "Hee, wewe! Simama!"

"Ridhaa," daktari alisema haraka, uso umembadilika, "simamisha. Naomba kikao cha neno."

Kilezi kikasimama mlangoni mwa lifti.

"Kikao cha neno kimekubaliwa. Moyo utasubiri hadi alasiri."

Sechelela alikuwa bado na tabasamu mdomoni. Hakujua aliweke wapi.

Ridhaa lilikuwa jina la mashine, na mashine yenyewe ililetwa na sheria. Zamani, kabla Sechelela hajazaliwa, ndugu ndio waliokuwa wanasema kwa niaba ya mgonjwa. Mjomba akisema ndiyo, basi ni ndiyo. Watu wakawa wanaamka hospitalini na viungo ambavyo hawakuviomba, wengine wanakufa kwa sababu shemeji alisema hapana. Ndipo ikatungwa Sheria ya Neno Hai, kwamba kauli ya mgonjwa mwenyewe ndiyo sheria, siku yoyote, mbele ya mfanyakazi yeyote wa hospitali, bila sahihi wala dole gumba. Na kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kukumbuka kila alichosema mgonjwa kwa miaka, ikatengenezwa Ridhaa. Masikio yake madogo yalikaa kwenye dari za kliniki, yakichambua maneno yahusuyo matibabu na kuyatunza.

Wahandisi waliitengeneza kwa moyo safi. Waliifundisha kwa mazungumzo ya mahakamani na ya hospitalini, miaka na miaka ya watu wakisema mambo mazito. Kicheko walikichuja pamoja na mingurumo ya magari na vilio vya watoto, wakiamini kwamba wanasafisha.

Sasa mtu atajiuliza, Mgogo na Mnyamwezi waliwekwaje chumba kimoja na mashine isiyojua kicheko? Hakuna aliyewaweka. Miaka sita iliyopita, Sechelela alipomzaa Nyemo, moyo wake ulilegea. Haukupasuka wala kuziba, ulilegea tu, kama inavyowatokea baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, akawa hawezi kumnyanyua mtoto wake amnyonyeshe. Wakamwekea sukumadamu. Hiyo ni pampu ndogo inayoshonewa kwenye moyo mchovu, inazunguka bila kupumzika, inasukuma damu kama maji kwenye mpira wa bustani. Haipigi, inatiririsha tu. Ukimshika Sechelela mkono kutafuta mapigo hupati kitu. Waya mwembamba ulitoka ubavuni mwake kwenda kwenye begi la betri, na begi hilo alilala nalo, akaoga nalo likiwa limening'inizwa msumarini, akaenda nalo mashambani Hombolo, ambako kazi yake ilikuwa kuwafundisha vichumaji, zile roboti za mizabibu, kutofautisha zabibu iliyoiva na iliyochomwa na jua.

Wagonjwa wenyewe hawakuiita sukumadamu. Waliiita feni.

Siku ya kwanza alipokwenda kliniki ya feni, akiwa amekonda, hajui kama ataishi, mlango ukafunguliwa akaingia fundi mmoja mrefu. Akasoma jina, akamtazama, akasema, "Chiwanga? Ala! Kumbe nimepewa Mgogo. Basi mlete na mlenda wake, isije feni ikasaga bure." Na Sechelela, ambaye kwa wiki nyingi watu walikuwa wakimsemesha kwa kunong'ona kana kwamba ni maiti, akajibu, "Kumbe mafundi wenyewe ni wapagazi. Njoo basi ubebe hili begi, si ndiyo kazi ya kwenu?" Mihayo akalibeba. Tangu hapo kila alipofika kliniki, Mihayo alilibeba lile begi kutoka getini hadi kitandani, na njia nzima walikuwa wanatukanana.

Hayo yote Ridhaa iliyasikia. Na iliyatunza.

Chumba cha kikao kilikuwa na viti vitatu na sikio moja ukutani. Kupitia kioo waliweza kuona kilezi kikiwa kimeegeshwa koridoni.

"Mimi najua ni utani," Daktari Namsifu alimwambia Sechelela wakikaa. "Jumba zima linajua. Tatizo sheria haijui. Jibu taratibu, mama Nyemo, lakini usiucheleweshe moyo. Na ile hali ya pampu nilikueleza."

Alikuwa amemweleza. Damu ilikuwa imeanza kuganda vibonge vidogo kwenye ekseli ya feni, na pale waya ulipotokea ubavuni kidonda kilikuwa kinapona na kurudi, kinapona na kurudi. Tena upasuaji wenyewe haukuwa wa kuukimbilia, kwani kwa miaka sita kovu lilikuwa limeishikilia mashine kama mizizi inavyoshika jiwe, na kuitoa ni kazi ya subira na ya damu. Kubaki na feni kulikuwa na hatari yake, na kuitoa nako kulikuwa na yake. Sechelela alikuwa amelielewa kila neno, na bado yakichanganywa pamoja hakuelewa kitu.

"Tamko la kwanza," ilisema Ridhaa, na chumba kikajaa sauti ya Sechelela mwenyewe, imekauka, haina kicheko hata chembe: *Nina feni, moyo wa nini tena? Nani anaweka feni mbili chumba kimoja?* "Ulisema?"

"Nilisema."

"Ulimaanisha?"

"Hapana. Nilikuwa namtania."

"Eleza kutania."

"Ni kusema kitu usichokimaanisha."

"Ni kusema uongo?"

"Siyo uongo. Yeye anajua kwamba simaanishi."

"Kama anajua, kwa nini unamwambia?"

Sechelela akamtazama Mihayo.

"Ngoja nikusaidie," Mihayo aliiambia mashine. "Babu zangu walikuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani. Hawa wakawanyima maji. Wakapigana, wakachoka kupigana, wakaanza kuchekana. Ndipo tulipo mpaka leo. Mimi siku nikimwita huyu kwa heshima, atajua nimemchukia."

"Shahidi anasema heshima ni chuki."

"Sijasema hivyo!"

"Umesema."

Daktari Namsifu akafunika uso kwa kiganja. Haikujulikana kama anacheka au anasali.

Yakafuata matamko mengine. *Nikipewa moyo huyu fundi atakosa kazi, atarudi kwao akachimbe viazi, niacheni nimhurumie.* Halafu, *Hii feni haijawahi kunidanganya, moyo wangu ndio ulionidanganya.* Bila kicheko yalikuwa maneno mengine kabisa. Sechelela aliisikiliza sauti yake kama anayesikiliza jirani akigombana upande wa pili wa ukuta, akaanza kuwa na shaka na jirani huyo. Alisema alikuwa anatania. Alisema tena. Mara ya tatu alisita kidogo kabla ya kusema.

"Tamko la mwisho," ilisema Ridhaa.

*Sitaki mama mwingine alie ndipo mimi nicheke. Huyo mtoto aache kuomba.*

Nje, koridoni, moyo uliendelea kudunda.

"Huo ni utani," Mihayo alisema upesi.

"Swali si lako, shahidi. Mgonjwa, ulikuwa unatania?"

Aliikumbuka siku hiyo. Kidonda kilikuwa kimevimba, Mihayo anakisafisha, naye akamsimulia jinsi Nyemo anavyopiga magoti kila jioni kumwomba Mungu ampe mama moyo. Mara akamwelewa mtoto anachoomba. Mioyo haioti mitini. Nyemo alikuwa anaomba mtu afe, mtoto wa mtu, bila kujua, kwa sauti yake nzuri. Akamkataza. Na alipomwambia Mihayo, Mihayo hakujibu kwa huzuni. Alisema, "Basi nitakufa mimi nikupe wangu, mashaka yaishe." Naye akasema, "Wako? Nitaanza kwenda Tabora bila safari." Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Alikuwa amecheka kweli. Na alichokisema kabla ya kucheka, je?

"Sijui," alisema Sechelela.

"'Sijui' si ridhaa. Ikibaki hadi alasiri itahesabiwa kuwa hapana."

Daktari akaomba mapumziko. Wakati huohuo simu ya mkononi mwa Sechelela ikaita, na uso wa Nyemo ukajaa kwenye kioo chake, karibu mno, pua na jicho moja tu.

"Mama! Umeshawekewa?"

"Bado, mwanangu. Baba yuko wapi?"

"Anapika uji, unaungua. Mama, usikasirike. Ulinikataza kuomba lakini mimi niliomba kimyakimya, nimejifunika shuka. Kwa hiyo ni mimi niliyeuleta?"

Alikuwa anafurahi. Alikuwa anasubiri kusifiwa. Sechelela alilitazama lile jicho moja, na mambo mawili yakamjia kwa pamoja, kumkumbatia na kukimbia, akashindwa kutofautisha lipi ni lipi.

"Umeletwa na watu wengi, Nyemo," alisema. "Nenda kamsaidie baba uji."

Alipokata simu alimwuliza daktari, "Na anayefuata ni nani? Ule moyo nisipouchukua?"

"Kijana mmoja, Morogoro. Naye anaungoja."

"Basi nikikataa nitakuwa nimempa yeye. Na nikikubali nimemnyang'anya."

"Yeye ana nafasi ya kupata mwingine, mishipa yake haijashikwa na kovu. Wewe damu yako imeshakuwa kali baada ya miaka ya feni, inakataa karibu kila moyo. Huu ndio pekee ilioukubali." Daktari alivuta kiti karibu. "Siwezi kukuambia useme nini. Hata nikitaka, lile sikio linanisikia."

Jua lilikuwa limeshapita katikati. Ridhaa ikafungua kikao tena, ikauliza, na Sechelela akajibu tena kwamba hajui. Alisema kweli. Alikuwa amejipekua kote humo ndani na alichokikuta ni fujo tu.

Ndipo Mihayo aliposimama. Akavuta shuka kwenye toroli lililokuwa mlangoni akajifunga kiunoni kama khanga. Akatundika begi la betri begani, kwa uangalifu, waya usivutike, akaanza kutembea mbele ya viti kwa mwendo wa Sechelela hasa, bega moja juu, mkono ubavuni, midomo imebenuliwa.

"Wagogo wenzangu," alisema kwa sauti nyembamba, "nimekufa. Moyo uliletwa mpaka dirishani, nikauuliza kwanza wewe ni wa kijiji gani."

Sechelela akacheka kabla hajajizuia.

"Shahidi," ilisema Ridhaa, "eleza unachofanya."

"Namzika."

"Mgonjwa yuko hai."

"Ndiyo maana nawahi. Akifa kweli nitakuwa na shughuli nyingi, msibani kwao sisi watani ndio wenye kazi." Akageukia watu ambao hawakuwepo. "Marehemu alikuwa na mdomo! Alikula mlenda asubuhi, mchana na jioni, na ile feni haikuziba. Aliwafundisha mashine shambani zikaelewa, mumewe akashindwa. Sogeeni mwone kaburi. Tumechimba refu, kwa ajili ya ulimi."

Sechelela alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na katikati ya kicheko akaiona ile shughuli kwa macho, turubai, masufuria, Mihayo akijigaragaza kwenye vumbi la Hombolo akimwigiza, watu wakicheka kama inavyotakiwa. Na pembeni Nyemo, ambaye hajui utani wa msibani ni nini, anatazama nyuso zinazocheka na hajui afanye nini na uso wake.

Akaacha kucheka.

Mihayo akalala chini, akauziba mlango kwa mwili wake mrefu. "Na hapa sitoki. Mtani akilala kaburini, halifukiwi mpaka apewe anachotaka."

"Unataka nini?" iliuliza Ridhaa. Baadaye daktari alisema hajawahi kuisikia ikiuliza jambo lisilohusu mgonjwa.

Mihayo alitazama dari. Sauti ilikuwa bado ya kutania lakini uso ulishaacha zamani.

"Mwambie anibakizie mtu wa kutukanana naye uzeeni."

Taa ya njano ikapepesa.

"Shahidi anamshinikiza mgonjwa. Shahidi ni mfanyakazi. Shahidi amekiri pia kumfanyia mgonjwa mzaha kuhusu ridhaa kwa miaka sita. Kosa limeandikwa. Shahidi atoke."

Mihayo akainuka, akajifungua shuka, akalikunja. Aliweka begi la betri mapajani mwa Sechelela. Kisha akatoka bila kumtukana, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Atafanywa nini?" Sechelela aliuliza.

"Ataondolewa kliniki," alisema daktari. "Nilimwambia asubuhi, kabla hamjaingia kikaoni, kwamba akikiri ni utani, wewe unaokoka na yeye anaondoka. Akaniuliza kama kuna mzigo mwingine nataka abebe."

Sasa walibaki wawili na sikio. Hapakuwa na mtu wa kutaniana naye. Sechelela alishika begi lake kwa mikono miwili, akahisi ule mtetemo mdogo wa feni, mwaminifu, usiouliza kitu.

"Mgonjwa," ilisema Ridhaa. "Unautaka moyo huu?"

"Nautaka," alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Nautaka. Na ninauogopa. Na kama huyo mtu ana mama, basi saa hii analia, namsikia huku, na sina la kumwambia. Na huyo kijana wa Morogoro simjui lakini namwonea aibu. Na ile siku, lile la mwisho, sikuwa natania. Nilitania baadaye. Na bado nautaka. Mwanangu ana miaka sita."

Taa ya njano ikapepesa tena.

"Maneno haya yanapingana."

"Yanapingana," Sechelela alikubali. "Yaandike yote."

"Sheria inataka neno la mgonjwa."

"Ndilo hilo neno lake," alisema Daktari Namsifu, na sasa alikuwa amesimama. "Sheria haikusema liwe moja."

Taa ilibaki njano. Kule koridoni mhudumu alikuwa ameshafika kwenye kilezi na kuweka mkono kwenye mpini. Kisha, bila tangazo lolote, taa ikawa bluu, na mlango wa chumba cha upasuaji ukaanza kufunguka.

"Ridhaa imepokelewa," ilisema sauti, polepole, kama inayosoma kitu inachokiona kwa mara ya kwanza. "Pamoja na vilivyoambatana nayo."

Upasuaji ulichukua usiku kucha, kwa sababu ya kovu. Alipozinduka, kitu cha kwanza kilichomshtua kilikuwa ukimya, feni haikuvuma. Cha pili kilikuwa mtu fulani anayegonga ndani ya kifua chake, anagonga, anagonga, kana kwamba anataka kufunguliwa. Siku za mwanzo alishindwa kulala kwa ajili ya huyo mgongaji. Nyemo aliletwa, akaweka sikio, akasikiliza kwa makini, akauliza kama mwenye nao ameshaambiwa asante. Sechelela akasema bado, wanatafuta namna ya kusema. Mtoto akaona ni jambo la busara, akaomba juisi.

Jambo moja lilimchanganya zaidi. Siku Nyemo alipojikwaa kwenye ngazi ya wodi akaanguka kifudifudi, Sechelela alipiga yowe, lakini moyo ulibaki unatembea taratibu kama haukuona kitu. Mtoto alishainuka, ameshafutwa vumbi, ameshasahau, ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio. Alimwuliza daktari huku amejaa hofu kwamba labda moyo huu haumpendi mwanawe.

"Mishipa ya fahamu imekatwa," daktari alimweleza. "Zamani ubongo ulikuwa unaupigia moyo simu moja kwa moja. Sasa habari zinafika kwa njia ya damu, kama barua. Unapata kila kitu, ila unachelewa. Huenda siku moja waya zikaota tena, kwa wengine huota."

Hakuna aliyemtania hapo hospitalini. Baada ya kile kikao, uongozi ulitoa agizo kwamba wafanyakazi wote wazungumze na wagonjwa kwa lugha nyoofu. Fundi mpya alikuwa binti mpole kutoka Tanga, alimwamkia vizuri, akamwita mama, akaandika vipimo. Ilikuwa huduma nzuri. Sechelela alirudi wodini akiwa amechoka bila kujua kilichomchosha.

Siku ya kuruhusiwa alikuwa anatembea koridoni mwenyewe, mikono mitupu, hajui mabega yafanye nini bila begi, alipomwona Mihayo anakuja, anasukuma toroli la mitungi ya oksijeni. Alikuwa amevaa sare ya kijivu ya wabebaji. Juu yao, darini, sikio.

Mihayo akasimama. Akashusha macho.

"Habari za leo, mama Nyemo," alisema kama mtangazaji wa redio. "Natumaini unaendelea vizuri kiafya."

Sechelela alihisi kama amepigwa kofi. Akalitazama lile sikio la darini, akamtazama tena yule mtu mrefu.

"Siendelei vizuri," alisema kwa sauti, kila neno limenyooka. "Tangu mniwekee hiki kitu chenu mlenda haupiti. Usiku naota nimebeba pembe ya ndovu naitafuta Bagamoyo. Jana nimemsalimia mtu nikamwomba mzigo wake."

Mihayo akauma midomo, akatazama mitungi, akavuta toroli, na alipompita mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika. Alisonga hatua chache ikabidi asimame, ashike ukuta, ainame, anacheka bila kutoa neno hata moja, mitungi inagongana, anacheka mpaka anafuta macho kwa mkono wa ile sare ya kijivu, kisha akasukuma toroli tena huku bado anacheka, akakata kona.

Taa karibu na lile sikio la darini ilikuwa bluu, haikugeuka njano.

Sechelela alisimama palepale akiwa ameweka kiganja kifuani, anasubiri. Moyo ulichelewa, kama kawaida yake. Halafu ukaanza kwenda mbio.